Kumwona daktari wa familia kwa video: yaliyotokea Uingereza, na swali la kaka yangu kuhusu mama

#1 Mkalimani wa Reading

Ndugu wanajamvi, salaam.

Wiki iliyopita kaka yangu aliyeko Tanga alinipigia simu kuomba ushauri. Ameletewa ofa ya bima ambayo, pamoja na mambo mengine, inamruhusu mama yetu kuzungumza na daktari kwa video saa yoyote, naye alitaka nimthibitishie jambo moja tu: "Si ndivyo mnavyotibiwa huko Uingereza siku hizi, kila mtu na simu yake?" Mama ana umri wa miaka 71, ana presha na kisukari, na magoti yake yamekwisha kugombana na daladala. Nilimjibu kaka kwamba sivyo, na kwa kuwa maelezo yangemaliza salio lake lote, nimeona niyaandike hapa ili na wengine wenye wazazi nyumbani wayapime.

Kazi yangu ni ukalimani. Kwa miaka tisa nimekuwa nikikaa kati ya madaktari wa familia na wagonjwa wanaozungumza Kiswahili: Wakongomani wa Kivu, Warundi, wazee wa Barawa, na sisi wa pwani. Kwa wasioujua utaratibu wa England, kila mkazi hujiandikisha katika kliniki moja ya karibu na kwake, na daktari wa hapo ndiye mlango wa kila kitu, kuanzia kikohozi hadi huzuni isiyokwisha. Kwa bingwa wa hospitali, kwa kawaida hufiki mpaka yeye akuandikie. Hulipi chochote unapoonana naye, na miadi moja ni kama dakika 10. Kliniki nayo hulipwa zaidi kwa hesabu ya watu waliojiandikisha kwake kuliko kwa idadi ya mara walizotibiwa. Jambo hili la mwisho naomba mlishike, kwa sababu huenda tukalihitaji mbele.

Video haikuja na korona, ingawa wengi wanadhani hivyo. Mpango wa muda mrefu wa huduma ya afya ya taifa uliotangazwa Januari 2019 ulikuwa umeshaahidi kwamba ndani ya miaka michache kila mgonjwa angekuwa na haki ya kumpata daktari wake kwa mtandao, na mkataba wa madaktari wa familia wa mwaka huohuo ukaweka Aprili 2021 kuwa mwisho wa kutimiza ahadi hiyo. Kisha ukaja Machi 2020, na kliniki zikaambiwa zisimpokee mtu mlangoni kabla ya kumchuja kwa simu au mtandao. Vifaa vilipatikana kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona katika ofisi ya serikali: mgonjwa alitumiwa ujumbe mfupi wenye kiungo, akakigusa, na uso wa daktari ukatokea bila kupakua programu yoyote. Tarehe 30 Julai 2020 waziri wa afya wa wakati huo, Matt Hancock, alisema hadharani kwamba tangu hapo kuonana na daktari kuwe kwa mbali, isipokuwa pale penye sababu nzito ya kitabibu ya kufanya vinginevyo.

Kwa hiyo fedha zilikuwapo, amri ilikuwapo, vifaa vilikuwapo, na hofu ya ugonjwa ilikuwapo. Kabla ya korona takriban miadi 8 kati ya 10 ilikuwa ya ana kwa ana. Aprili 2020 ikashuka hadi karibu nusu. Lakini nusu ile nyingine haikwenda kwenye video, ilikwenda kwenye simu ya kawaida, ya sauti. Video, kwa takwimu zilizokuwa zikitolewa kila mwezi, ilibaki chini ya miadi 1 kati ya 100 hata wakati watu walipokuwa wamefungiwa majumbani. Mei 2021 kliniki zilikumbushwa kwa barua kwamba mgonjwa anayetaka kuonana na daktari ana kwa ana asikilizwe, na Oktoba mwaka huo serikali ikatenga pauni milioni 250 ili watu wapate miadi kwa urahisi zaidi, hasa hiyo ya uso kwa uso.

Kwa nini video ilikataliwa na watu walewale waliokuwa na kila sababu ya kuipenda? Profesa Trisha Greenhalgh wa Oxford, ambaye mapema 2020 alishiriki kuwaandikia madaktari mwongozo wa kuitumia, alirudi baadaye na wenzake kuchunguza kwa nini madaktari wa familia wanaitumia kwa nadra namna hiyo. Mimi nitaeleza kwa nilivyoona nikiwa kwenye kiti changu. Jambo dogo linamalizwa kwa simu. Likiwa la kuangaliwa tu, kama upele au kidonda, picha moja iliyopigwa dirishani kwenye mwanga ni bora kuliko video inayotikisika. Na likiwa la kuguswa, video haina mkono. Kinachobaki katikati ni chembamba sana, japo ndani yake mna mambo mazito.

Nitatoa mifano miwili, nikiwa nimebadilisha baadhi ya maelezo ili wahusika wasitambulike. Mzee mmoja wa Bukavu alilalamika kuwa mguu umechoka. Kwa simu lingekuwa neno hilohilo, "umechoka", na mimi ningelitafsiri hivyohivyo. Daktari akaomba video. Mjukuu akashika simu, akaishusha chini, tukaona soksi imechora mstari mzito juu ya kifundo. Daktari akamwambia mzee abonyeze juu ya mfupa wa ugoko kwa kidole gumba kwa sekunde tano, kisha aondoe. Shimo likabaki pale, dogo kama tundu la kuwekea kete za bao. Akaomba aone mguu wa pili, nao ulikuwa mkavu, wa kawaida. Mguu mmoja ukivimba na mwingine usivimbe, daktari huanza kufikiria damu iliyoganda ndani ya mshipa, na mzee aliitwa kliniki mchana uleule. Video haikumtibu, ilichofanya ni kuonyesha kwamba hakuwa wa kusubiri hadi wiki ijayo.

Mfano wa pili unanirudia usiku. Mama kijana alikuwa akijibu maswali ya daktari vizuri, neno kwa neno, ila kila lilipofika swali la nyumbani macho yake yaliruka kushoto kidogo kabla ya kusema "hapana". Mimi niliona. Daktari naye alikuwa ameona, kwa sababu aliacha maswali yale, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba kipimo cha presha hakiwezekani kwa simu na angependa mama aje kesho yake, peke yake, kwa kuwa chumba ni kidogo. Chumba si kidogo. Nakifahamu.

Swali langu kwa wanajamvi, hasa mlio katika tiba: kwa mama wa miaka 71 mwenye presha na kisukari, aliyeko Tanga, video ni ya nini na si ya nini?

Nawasilisha.

#2 Tabibu wa Bonde la Ufa

Dada mleta mada, shukrani kwa uzi wenye nyama. Mimi ni daktari wa familia upande wa Kenya. Fani yetu hii ni changa. Mafunzo yake yalianza Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2005, na hadi leo mgonjwa mwingine akisikia "daktari wa familia" hudhani ni daktari aliyeajiriwa na familia ya tajiri. Nalisema hili kwa sababu linagusa swali lako moja kwa moja. Huko England video iliwekwa juu ya uhusiano uliokuwapo: kliniki ina jalada lako la miaka 20. Kwetu mara nyingi video ndiyo inatangulia, na uhusiano haufuati. Unaunganishwa na daktari aliye zamu, kesho na mwingine, na kila mmoja anaanza upya kuuliza unatumia dawa gani.

Ama kuhusu kinachoonekana, usiidharau kamera. Mtoto mwenye kikohozi naweza kumpima pumzi kwa video nikipata mtandao tulivu. Namwomba mama aegemeze simu kwenye chupa ya chai, amvue mtoto fulana, amwache atulie kifuani pake bila kunyonya, kisha nahesabu kifua kinavyopanda kwa dakika nzima, si nusu dakika mara mbili. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifikisha pumzi 50, au wa mwaka 1 hadi 4 akifikisha 40, huyo anapumua haraka na sina ruhusa ya kumwacha nyumbani kwa maneno matamu. Nikiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila anapovuta hewa, nakata maongezi, nawaambia waondoke saa hiyohiyo. Picha ikiganda katikati ya hesabu, hesabu hiyo haina thamani. Naanza tena au namwita.

Visivyoonekana ni vingi. Sikio silioni. Tumbo linalouma, ambalo kwa video nalisikia kwa maelezo tu, ndilo linalohitaji mkono zaidi ya yote. Homa katika eneo lenye malaria ni ya kipimo, na kipimo kinataka tone la damu, si bando. Ngozi yetu nayo inahitaji uangalifu wa peke yake, kwa kuwa wekundu unaoandikwa vitabuni kwetu hutokea kama zambarau au weusi uliozidi, na simu nyingi hujirekebishia mwanga zenyewe hadi tofauti hiyo inafutika.

Sheria kwa upande wetu ipo. Sheria ya Afya ya 2017 ilitambua matibabu ya mtandaoni, ya Ulinzi wa Data ikaja 2019, na ya Afya ya Kidijitali 2023. Tanzania nanyi mna ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kwa hiyo kaka yako ana haki ya kuuliza: video ya mama inarekodiwa? Inahifadhiwa wapi? Nani anaiona?

#3 Mtoto wa Ukonga

Wakuu, kwa heshima zote, naona mnaichambua huduma hii kama watu ambao hawajawahi kupanga foleni. Mimi ni fundi wa aluminiamu. Siku nisiyofanya kazi siingizi kitu. Nikienda hospitali natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, nachukua namba, nalipa kadi, na saa saba mchana naambiwa daktari ameingia kwenye kikao. Mwezi uliopita nilikohoa siku nne, nikafungua simu nikiwa saiti, daktari akanisikiliza dakika nne, akaniandikia antibaiotiki, nikazichukua duka la dawa jioni nikirudi. Nimepona. Sasa mnataka niambiwe kwamba nilikosea?

#4 Tabibu wa Bonde la Ufa

Mkuu, hukukosea wewe. Foleni hiyo ni aibu yetu, na video ikiipunguza nitaishangilia. Ila kijana mwenye afya anayekohoa siku nne, mara nyingi chanzo ni virusi, na kikohozi chenyewe kinaweza kukaa hata wiki tatu kabla ya kuondoka. Ungepona na dawa ile na ungepona bila dawa ile. Daktari aliyeshindwa kukuwekea kipimo kifuani hana uhakika, na asiye na uhakika huandika dawa ili alale usingizi. Hapo ndipo ninapoiogopa video: si kwamba inakosa kitu, bali kwamba hasara ya kilichokosekana inafidiwa kwa vidonge.

#5 Umwana wa Kigali

Nimesoma uzi huu nikakumbuka huduma iliyoitwa Babyl hapa Rwanda. Ilianza 2016 chini ya kampuni ya Uingereza, Babylon, na Machi 2020 ikatia saini na serikali yetu makubaliano ya miaka 10. Watu zaidi ya milioni 2 walijiandikisha, na katika nchi yenye watu wachache kama sisi hiyo si idadi ya mchezo.

Lakini nataka mtambue jinsi ilivyofanya kazi. Ulikuwa unabonyeza *811# kwenye simu yoyote, hata ile ya tochi, unapata miadi, kisha muuguzi anakupigia. Likimzidi anakupeleka kwa daktari. Mwisho unapokea ujumbe mfupi wenye namba ya siri, unakwenda nao duka la dawa au maabara, na bima ya jamii tunayoiita mutuelle inatambua. Yaani kampuni iliyojulikana duniani kwa programu za kisasa, ilipofika kwa mama wa kijijini Rwanda ilitumia sauti na ujumbe mfupi. Ilikuwa sahihi kufanya hivyo, kwa kuwa mama huyo hana simu ya kamera, na akiwa nayo bando limekwisha.

Mwaka 2023 kampuni mama ilianguka, na huduma ikafungwa. Shangazi yangu alikuwa ameizoea. Alibonyeza namba ile siku kadhaa akidhani ni mtandao.

#6 Mkalimani wa Reading

Ndugu wa Kigali, umenigusa mahali. Babylon ni haohao waliofungua kliniki ya video London Novemba 2017, na sasa ndipo linapohitajika lile nililoomba mlishike, la kliniki kulipwa kwa hesabu ya watu waliojiandikisha. Ukijiunga na kliniki ya video, unajitoa katika ile ya mtaani kwako, na fedha yako inakufuata. Waliojiunga walikuwa zaidi ya 100,000 baada ya miaka michache, na wengi mno walikuwa vijana wa miaka 20 hadi 39, yaani watu kama Mtoto wa Ukonga, ambao kwa mwaka mzima huenda wasimhitaji daktari hata mara mbili. Vikongwe wenye magonjwa matano walibaki kwenye kliniki za mtaani, na fedha za vijana, ambazo kimya kimya zilikuwa zikisaidia kuwahudumia vikongwe hao, zikahama. Malipo hurekebishwa kwa umri, ni kweli, lakini madaktari wengi wa mitaani walilalamika kwamba marekebisho hayo hayakutosha.

Kampuni iliingia soko la hisa la New York Oktoba 2021 ikithaminiwa kwa zaidi ya dola bilioni 4, na Agosti 2023 ikawa imefilisika. Tofauti na Rwanda ni kwamba kliniki ile ya London ilipata mmiliki mwingine na wagonjwa wake wakaendelea kuhudumiwa. Shangazi yako hakupata mmiliki mwingine.

Kwa hiyo swali jingine nimelituma kwa kaka leo asubuhi: huyo mwenye bima akifunga, jalada la mama linabaki kwa nani?

#7 Nesi Mstaafu, Muheza

Mwanangu Mkalimani, pole na hongera kwa kumjali mama. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka 34, na nitajibu swali lako la mwanzo ambalo vijana wamelizunguka.

Kwa presha, video inafaa kabisa, kwa sharti kwamba kuna mashine ya mkono nyumbani na mtu anayejua kuitumia. Mama akae kitini dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na asizungumze. Hilo la kutozungumza ndilo gumu kwa mama zetu. Aandike kwenye daftari asubuhi na jioni kwa siku saba kabla ya miadi, kisha daftari lionyeshwe kwenye kamera. Daktari atajifunza zaidi kwenye daftari hilo kuliko kwenye kipimo kimoja cha kliniki, mama akiwa ametoka kupanda ngazi na kugombana na kondakta.

Jambo la pili ni mfuko wa dawa. Jirani yangu alipomwonyesha daktari dawa zake kwa video, hakutaja majina, alimwaga rambo nzima mezani, na daktari akaomba kila pakiti isogezwe karibu igeuzwe nyuma. Zilipatikana pakiti mbili za rangi tofauti, kutoka maduka mawili, zote ni amlodipine, dawa ileile moja ya presha. Alikuwa anameza mara mbili na kulalamika kwamba miguu inavimba. Kliniki daktari asingejua, kwa sababu huko jirani alikuwa anakwenda na pakiti moja tu, ile nzuri.

Kwa kisukari, hapo ndipo nitakuzuia. Miguu ya mgonjwa wa kisukari inaangaliwa kwa macho na kwa mkono pia. Kidonda utakiona kwenye kamera, lakini ganzi huioni. Ganzi inapimwa kwa kugusa nyayo kwa kijiuzi chembamba cha nailoni huku mgonjwa amefumba macho aseme anasikia au hasikii. Macho yenyewe nayo yanataka kuchunguzwa kwa ndani. Damu na mkojo vinataka maabara. Mama asiyetoka nyumbani kwa sababu "daktari ananiona kwenye simu" ndiye atakayeletwa na kidole cheusi.

#8 Mkalimani wa Reading

Mama Nesi, shikamoo, na ahsante sana. Jibu lako nimelisoma kwa sauti kwa kaka jana usiku.

Tumefikia hivi. Ofa ile tumeiacha, kwa sababu walipoulizwa kama mama atapata daktari yuleyule kila mara walijibu kwamba "madaktari wetu wote ni wazuri". Badala yake kaka amempeleka mama kwa daktari mmoja mjini Tanga ambaye alimwona kwa mkono, akampima miguu, akamtuma maabara, na akakubali kwamba kwa kila miadi mitatu, mmoja utakuwa wa ana kwa ana na miwili ya katikati itakuwa kwa video, akiwa ameshika jalada lilelile. Mashine ya presha imenunuliwa. Mpwa wangu wa kidato cha pili ndiye atakayeshika simu, na ameelekezwa atoke chumbani daktari akimwambia atoke.

Dawa zilimwagwa mezani jana hiyohiyo, kwa sababu ya maneno yako. Hakuna pacha, ila kuna chupa moja isiyo na karatasi ambayo mama anasema ni "ya miguu" na hataki kusema aliipata kwa nani. Miadi ya kwanza ya video ni Jumamosi saa nne asubuhi, na chupa hiyo ndiyo itakayotangulia kuonyeshwa. Mrejesho nitauleta.